Punje ya Pili

Kwa Mzee Ishengoma,
Rubya, Muleba.
22 Novemba, 1953.

Kaka yangu Josia,

Waitu kaka, hamjambo hapo Mwanza? Nakusalimu wewe, namsalimu shemeji, nawasalimu watoto wote mpaka huyo mdogo ambaye mmemzaa bila kunionyesha. Natumaini kikohozi cha shemeji kimekwisha na joto la huko halijawakausha. Huku mvua imenyesha ya kutosha, migomba imesimama vizuri, na senene wameanza kuanguka. Jana asubuhi kila mtoto wa Rubya alikuwa nyikani na kikapu chake akiwakamata panzi hao. Mimi mwili wangu ni mzima, namshukuru Mungu. Moyo ndio siwezi kuusemea uzima.

Utashangaa kuona barua imetoka Rubya na si nyumbani Nshambya. Nakujua, umekwisha geuza karatasi uone mwisho unasemaje. Rudi hapa, kaka, usome taratibu. Na ukimaliza usije ukaniandikia maneno ya kunituliza, kwa maana sitaki kutulizwa. Nataka na wewe ukasirike. Nimekasirika peke yangu tangu Oktoba, na hasira ya peke yako ni mzigo usio na wa kukupokea njiani.

Nianze na yule Mzungu, maana bila yeye tungekuwa bado tumelala. Mwaka jana, wakati watu wanaanika kahawa, alifika Bukoba mama mmoja mpiga picha, jina lake Bibi Margreta. Si wa misheni na si wa serikali. Dereva wake alikuwa Muhidini wa pale mjini, ambaye pia ndiye aliyekuwa mkalimani wake. Walizunguka vijiji vyote, kutoka Bukoba mpaka Muleba, hata visiwani walikwenda, wakiomba watu wavue shati au wanyooshe miguu. Kisha Bibi Margreta anapanga chakula juu ya mwili wa mtu, anakizungukazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, halafu anapiga picha. Wengine walidhani ni dawa. Wengine walisema serikali inapima njaa. Yeye mwenyewe alisema ni sanaa. Alisema mwili wa mtu na chakula anacholima ni kitu kimoja, na kwamba kwao watu huvaa viatu vizuri wakaenda kutazama picha za namna hiyo ukutani.

Jambo moja alilishika sana: hakupiga uso. Alikata vichwa vyote. Alidhani kwa kufanya hivyo anawaficha watu wasijulikane. Laiti angejua kwamba huku kwetu tunajuana kwa visigino.

Baba alikuwa Rubya siku hizo, kwa rafiki yake Mzee Ishengoma. Urafiki wao huna haja ya kuelezwa. Umekua ukisikia jinsi walivyokuwa wapagazi pamoja katika vita vya Wajerumani na Waingereza, na jinsi baba alivyougua tumbo la kuhara akaachwa na msafara, na Ishengoma akarudi kumbeba mgongoni. Baba mwenyewe ndiye aliyetusimulia. Alikuwa akisema kama si Ishengoma angeliwa na fisi, na wewe na mimi tusingekuwapo. Basi Bibi Margreta alifika huko Rubya akawakuta hao wazee wawili barazani wanatafuna kahawa. Yaliyofanyika siku ile sikuyajua wakati huo. Nitayaandika pale nilipoyajua, ili nawe uone jinsi nilivyotembezwa gizani.

Mwezi wa kwanza mwaka huu baba alinituma Rubya na buyu la asali na kanzu mpya ya Mzee Ishengoma. Niliona ajabu kidogo, maana baba si mtu wa zawadi, lakini nilikwenda. Mzee alinipokea kwa mikono miwili. Akaniita mwanangu. Akamwambia mkewe, Mama Benigna, asinihesabu mgeni, aniache niingie jikoni mwenyewe nipakue ninachotaka. Tangu siku ile nilitumwa mara kwa mara, na kila mara nilirudi na mkungu wa ndizi au samaki wa kukausha, na neno lile lile, mwanangu. Kwa mtu ambaye mama yake amekufa neno hilo halipiti juu juu tu. Nilimpenda yule mzee.

Nikampenda na mwanawe. Nakuandikia waziwazi kwa sababu nimechoka na watu wanaozungukazunguka. Jina lake Buberwa, ni mwalimu kama mimi, anafundisha hapa Muleba, na mwendo wake ni wa polepole hata ukiwa naye njiani utadhani mnasindikiza ng'ombe. Ni Mkatoliki, ndiyo. Tulikwisha zungumza habari hiyo, na tulijua patakuwa na kelele za pande mbili. Kelele tulijiandaa nazo. Mwezi wa nane alimwendea baba yake kumwomba atume mshenga Nshambya.

Mzee Ishengoma alikataa. Hakutaja dini wala ukoo. Alisema tu kwamba haiwezekani, huyo ni dada yako, na ukitaka zaidi kamwulize baba yake, Gamaliel, mimi nimefungwa mdomo.

Kaka, fikiri wewe ndiwe Buberwa, umeambiwa hivyo na baba yako mzazi, utaelewa nini? Alielewa kile ambacho kila mtu angeelewa. Alikuja kwa baiskeli mpaka Nshambya, akasimama mbali nami kama mtu aliyeogopa kuniambukiza, akaniambia kwamba huenda mama yangu na baba yake walikuwa na jambo zamani. Nilimfukuza. Nilimwambia maneno ambayo hata sasa nikiyakumbuka naona haya. Kisha nikaenda kwa baba.

Baba alikuwa anaziba pancha ya baiskeli yake. Nilimwuliza kwa nini Mzee Ishengoma anasema mimi na Buberwa ni ndugu. Hakuinua kichwa. Aliendelea kusugua ule mpira kwa msasa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akasema mambo ya marehemu tuwaachie marehemu. Hayo tu. Akachukua pampu akaendelea na kazi.

Ya marehemu, kaka. Na nyumbani marehemu ni mmoja.

Miezi miwili nimeishi nikimwona mama yetu kama mwongo. Mama aliyekuwa anaomba radhi hata kwa kuku akimkanyaga! Nilijitazama kwenye kioo nikitafuta pua ya Ishengoma. Niliacha kupalilia kaburi lake. Nilipokuwa nakata ndizi kibanjani nilipita upande wa pili ili nisilione, na magugu yakaota mpaka kwenye msalaba. Baba alikuwa anayaona yale magugu kila siku akienda chooni, na alijua ni kwa nini yapo, na alinyamaza.

Na hapo hapo, usisahau, baba ni mzee wa kanisa na ni mmoja wa watu wa uamsho. Kila Jumapili baada ya ibada anasimama mbele ya watu kukiri dhambi. Amekiri mkungu aliouiba kwa jirani akiwa mtoto. Amekiri kwamba alimdanganya mnunuzi wa ng'ombe. Mwaka jana alikiri, huku machozi yanamtoka, kwamba alikwenda Rubya akanywa pombe ya ndizi, lubisi. Watu wakamwimbia na kumkumbatia. Mimi pia niliimba.

Sasa nije Oktoba. Bibi Margreta alipata ruhusa kuonyesha picha zake katika ukumbi mmoja pale Bukoba mjini kabla ya kurudi kwao, na kwa kuwa mimi nina Kiingereza kidogo nikaombwa nisimame kuwaelezea watu. Ukumbi ulijaa. Palikuwa na mgongo wa mvuvi wa kisiwa cha Goziba, umepangwa dagaa kutoka shingoni mpaka kiunoni kana kwamba wanaanikwa juu ya mwamba. Palikuwa na shingo ya mtoto mchanga na senene mmoja ametua kwenye mkunjo. Palikuwa na kisigino kilichopasukapasuka kando ya kiazi kitamu chenye nyufa zile zile. Watu waliingia, wakatazama kile kisigino, wakasema kwa sauti moja kwamba huyo ni Klaudia. Na Klaudia mwenyewe alikuwapo. Alisimama mbele ya kisigino chake akaniambia nimwulize Mzungu kichwa chake amekiweka wapi, maana siku ile alijifunga kitambaa kipya kwa ajili ya picha. Tulicheka sana. Bibi Margreta alicheka pia, bila kujua tunacheka nini.

Nitakwambia ukweli mwingine unaoniudhi: picha zilikuwa nzuri. Ningependa ziwe mbaya ili nimchukie yule mama kwa raha, lakini zilikuwa nzuri. Mgongo wa yule mvuvi ulikufanya utamani kugusa ukuta.

Upande wa ndani palikuwa na picha ambayo mbele yake hapakuwa na kicheko. Matumbo mawili ya wanaume wazima, yameelekeana, na katika kila kitovu punje moja ya kahawa, na pembeni ya kitovu chale ndogo na tone la damu, jeusi kwenye picha. Wazee walifika pale wakavua kofia. Mmoja alisema kwa sauti ya chini, mukago.

Wewe umeondoka nyumbani mapema, sijui kama unakumbuka vizuri mambo ya mukago. Ni udugu wa kuchanjiana. Tunda moja la mbuni lina punje mbili zimelala kifua kwa kifua. Marafiki wawili wanazigawana, kila mmoja anailowesha yake katika damu ya tumbo lake, kisha kila mmoja anaichukua ya mwenzake na kuimeza nzima bila kuitafuna. Halafu wanakunywa kwenye kibuyu kimoja. Tangu hapo ni ndugu kuliko wa tumbo moja. Hawanyimani kitu. Watoto wao ni ndugu na hawaoani. Na anayekwenda kinyume, ile punje humvimbia tumboni mpaka imwue. Makanisa yote mawili yanakataza, kwa hiyo siku hizi anayefanya anafanya kwa siri.

Nilimwuliza Bibi Margreta hao ni nani. Alisema ni wazee wawili wa ajabu aliowakuta Rubya, marafiki tangu vitani.

Kaka, ndipo nilipoelewa. Lile neno dada yako la Mzee Ishengoma, lile neno mwanangu, asali, kanzu, vyote vilikaa mahali pake kwa mara moja. Mama hakuwa na kosa. Nililia mbele ya watu, na kwa muda mfupi yalikuwa machozi ya furaha, kwa kuwa nilirudishiwa mama yangu. Hata Buberwa nilikuwa tayari kumwacha aende. Nilijiambia basi, kama ni mukago, ni mukago, baba alifungwa na hofu ya kanisa, nitamsamehe polepole.

Kisha nikageuka kuona picha iliyofuata.

Ilikuwa mkono tu. Mkono wa mwanamume mzee, umekunjwa nyuma ya mgongo, kiganja kimefunguka kidogo, na katika kiganja punje ya kahawa, imelowa, inang'aa. Mbele yake, kwa mbali, unaonekana mkono wa mtu mwingine umeinua kibuyu. Ule mkono wa nyuma una kidole cha mwisho kilichopinda. Josia, wewe ulikuwapo siku mlango wa kanisa ulipombana baba kidole wakati wanaujenga. Ulilia kuliko yeye. Ukiletewa vidole vya Bukoba nzima kwenye ungo utakichagua kile.

Bibi Margreta aliona nimesimama pale, akaja kuniambia kwamba hiyo ndiyo picha anayoipenda kuliko zote, kwa sababu ni mkono unaotunza kitu. Nilimwuliza aliipiga saa ngapi, kabla au baada. Alisema baada ya kumeza, walipokuwa wanakunywa. Hakujua amesema nini. Kwake lilikuwa umbo la mkono na punje tu.

Muhidini alinimalizia mengine kule nje kwenye gari. Yeye alikuwapo. Anasema Bibi Margreta alisikia habari za mukago akaomba waigize, apige picha. Mzee Ishengoma akajibu kwamba hilo si jambo la kuigiza. Ama linafanywa, ama wembe unarudi kwenye ala. Akamgeukia baba, akamwambia Gamaliel, tumechelewa miaka thelathini na sita, unaonaje. Na baba, mbele ya Mzungu, mbele ya Mama Benigna, mbele ya mtu aliyembeba mgongoni, alivua kanzu. Ishengoma aliimeza punje ya baba akafumba macho. Baba aliitia ya Ishengoma mdomoni, akakohoa, akafuta midomo. Muhidini hakuona zaidi ya hapo. Kamera ndiyo iliyoona.

Alimtema, kaka. Alimtema mtu aliyemwokoa, akamficha nyuma ya mgongo kama mtoto anayeficha mfupa wa nyama aliyoiba, kisha akanywa naye kibuyu kimoja. Halafu akatuma asali.

Nilimsifia Bibi Margreta ile picha mpaka akanipa nakala. Sikudanganya, niliisifu kwa moyo. Nikaenda nayo nyumbani moja kwa moja, nikaiweka mezani juu ya Biblia ya baba. Aliitazama akavuta kiti. Hakukana, hilo nampa. Alisema yeye ni mzee wa kanisa, asingeweza kumeza damu ya mtu, ilikuwa dhambi. Nikamwambia vema, basi hukumeza, basi hakuna mukago, basi mimi si dada wa Buberwa, na mama si mzinzi. Mwambie Ishengoma. Simama hata kanisani Jumapili, useme ulikataa mambo ya kishenzi, watakuimbia nyimbo zote za kitabuni. Akasema si kanisa analoliogopa. Akasema Ishengoma akijua ametemwa, yeye Gamaliel hatakuwa mtu tena Bukoba wala Muleba. Kisha akanitazama, na haya ndiyo maneno yake, sijaongeza wala kupunguza: mume utapata mwingine, mimi jina sitapata jingine.

Nilimwuliza, na mama je? Jina la mama analipata wapi? Akasema mama amekwisha kufa, halimwumi.

Nimejaribu kumheshimu mtu yule tangu nizaliwe. Siku ile heshima ilinitoka kama maji kwenye pakacha, na nikaona ni vema aone ikitoka. Nilitoka nje, nikapalilia kaburi la mama kwa mikono, bila jembe, nikamwomba radhi kwa sauti ili baba asikie kule ndani. Alfajiri nikapanda lori la kahawa lililokuwa linarudi Muleba.

Hapa ndipo penye jambo ambalo nimekuwa nikilikwepa tangu mwanzo wa barua. Nilimwonyesha Mzee Ishengoma ile picha.

Nilimkuta anageuza kahawa kwenye mkeka. Alipangusa mikono kwenye kanzu, ile ile aliyotumiwa na baba, ndipo akaipokea. Aligusa kile kidole kilichopinda kwa kidole chake. Kisha akaniuliza nani mwingine anajua. Nikasema Bukoba nzima imeiona na hakuna aliyejua. Akasema vema, na ibaki hivyo, Gamaliel ana heshima yake kanisani.

Josia, nilitaka apige kelele. Nilikuwa nimebeba hasira ya kutosha watu wawili, nilimletea fungu lake, na hakulipokea. Nikamwambia basi mukago haupo, baba hakukumeza. Mzee akasema ni kweli, Gamaliel hakunimeza. Lakini mimi nilimmeza. Yeye si ndugu yangu, lakini mimi ni ndugu yake, na mtoto wa ndugu yangu ni mwanangu. Alisema hivyo kwa utulivu, kama mtu anayekuelekeza njia.

Nikakaa chini kwenye kahawa nikalia. Akaniacha nilie. Kisha akaniuliza ninataka nini, kwa kuwa mtoto wa mukago akiomba hanyimwi. Nikasema namtaka Buberwa. Nilijua ninachokifanya. Nilijua anafungwa asininyime na anafungwa asinipe, na nikaomba vilevile, maana nilikuwa na hasira na nilitaka kitu kimoja katika dunia hii kiwe changu.

Alimwita Mama Benigna na Buberwa, akasema mbele yao kwamba ametupa ruhusa ya kuoana. Akasema kama ile kahawa ni ya kuvimba, ivimbe tumboni mwake, si mwetu.

Haikupita wiki akaanza kushika tumbo. Tulimpeleka hospitali. Daktari alimpima, akatoa jina la ugonjwa na dawa ya chupa, akasema atapona akila. Lakini hataki kula. Nampikia ndizi laini kama za mtoto, anatia mkono kwa adabu, anasema mwanangu nimeshiba, tumbo limejaa. Mimi ni mwalimu. Nafundisha watoto habari za vijidudu na maji ya kuchemsha, na siamini kwamba punje ya kahawa inaweza kumwua mtu mwaka mzima baada ya kumezwa. Yeye anaamini, na tumbo ni lake. Anakonda mbele ya macho yangu. Ndiyo sababu niko hapa, kaka, na si kwa yale wanayoyasema Nshambya. Nalala chumba kimoja na Mama Benigna, na mimi na Buberwa hatujasimama mbele ya padre wala mchungaji. Sitavaa nguo ya arusi katika nyumba ambamo mtu anajifia kwa ajili yangu.

Wazee wa hapa wanasema dawa ipo, na ni nyepesi. Aliyetema aje aseme kwa kinywa chake, mbele ya aliyemeza: nilikutema. Basi. Fundo linafunguka kwa wote wawili, punje inakuwa punje tu. Niliwaambia picha imekwisha sema. Wakanijibu kwamba picha haina kinywa.

Buberwa alikwenda Nshambya kumwomba baba. Alipiga magoti. Baba akamwambia kwamba wiki hii hana nafasi, anatayarisha mkutano wa uamsho. Atasimama pale, kaka, atakiri tena mkungu wa ndizi wa mwaka wa kwanza wa Wajerumani.

Nilikuwa nafikiri nimepeleka ile picha Rubya ili baba aumie. Baba analala, anakula. Aliyeumia ni huyu. Mshale niliuelekeza kwa mmoja ukampata mwingine, na hilo sitamsukumia baba, ni langu.

Basi sikuombi fedha wala ushauri. Panda meli ya kwanza. Wewe ndiwe mrithi, wewe baba hatakufunga mdomo kwa mambo ya marehemu. Mshike mkono, ule wenye kidole kilichopinda, umlete Rubya. Akikataa, mkumbushe kwamba kuna mtu alimbeba mgongoni akiwa amejaa kinyesi, na hakuona haya. Neno moja tu analodaiwa, nalo halimalizi hata pumzi moja. Lakini uje upesi.

Nisalimie shemeji na umwambie asinifikirie vibaya. Nisalimie watoto, uwaambie bibi yao alikuwa mwanamke mwema, uwaambie kwa jina lake. Mama Benigna anakusalimu ingawa hakujui. Buberwa anakusalimu na ana haya. Klaudia nilimkuta mjini, anasema bado anakitafuta kichwa chake. Baba simsalimu.

Nilipofika hapo Mzee Ishengoma aliniita kutoka kitandani akauliza naandika kwa nani. Nikamwambia ni kwa kaka yangu Josia, aende kwa baba. Akaniambia basi niongeze neno lake. Naliandika kama alivyolisema: mwambie Gamaliel ndugu yake anamsalimu sana, na kama mvua ya huko ni kubwa asije na baiskeli, asubiri ikatike, kifua chake si kizuri tangu vitani.

Ni mimi dada yako,

Kokubanza.